Paa hayupo: kisa cha albamu ya kwanza iliyomeza maneno yake

Nianze na ule usiku wa baraza maana ndo pale tulipojua kuna tatizo, mengine yote ya nyuma tuliyaelewa baadaye. Ilikuwa baada ya isha, Kibokoni kwenye mji wa kale, tumeketi watu saba nane hivi kwenye baraza ya nyumba ya kina mpiga besi, kahawa iko, tende ziko, na mimi nina spika ndogo na albamu nzima kwenye simu. Nyimbo 9, dakika 31, kazi ya miezi minne. Bendi yenyewe sitaitaja jina, wameniomba hivo na nimewakubalia, tosha kusema ni vijana wanne wa hapa hapa Mombasa, dada mmoja anaimba na kupiga gita la pili, watatu waliobaki ni gita la kwanza, besi na dramu. Mimi ndo nilikuwa nawarekodi na kuwafanyia miksi, kwa iyo makosa mengi ya humu ndani yanapita mikononi mwangu.

Tukaweka wimbo wa pili, ule tunaouamini kuliko yote. Jirani mmoja, mzee mtu wa mashairi, akasikiza kimya mpaka mwisho alafu akauliza kwa adabu kabisa: "Sasa wanangu, hiyo nyumba paa lake limechukuliwa na upepo, ama mafundi hawakumaliza?"

Hapana mtu aliyejibu. Wimbo hauna nyumba wala fundi. Kiitikio kinasema "nimeamka, paa hayupo", na huyo paa ni mnyama, yule ambaye washairi wetu wanamfananisha na mpenzi tangu zamani. Mzee kasikia "paa halipo". Na hakuwa kiziwi, hakuwa amesinzia, na Kiswahili chake kinatushinda sote pale barazani. Nilimtizama yule dada, ameinamisha kichwa anakoroga kahawa isiyokuwa na sukari.

Kwa asiyeujua huu muziki niseme kidogo. Lofai ni kurekodi na vifaa vya kawaida, hata duni, alafu unaiacha ile hali isikike, ile shhhh ya kaseti, kiti kinacholia, gita lililotoka kidogo kwenye sauti. Bendi nyingi za gita za Marekani miaka ya 80 na 90 zilifanya mambo hivo, nyingine kwa kukosa pesa nyingine kwa kupenda, na chombo kilichowafungulia mlango ni mashine za kaseti za treki nne, ya kwanza ilitolewa na TEAC mwaka 1979, Portastudio 144. Kaseti ya kawaida ina upana usiofika milimita 4, na humo ndani mashine inagawa njia nne, ala nne ama sauti nne, kila moja unairekodi kwa wakati wake. Kwa mtu aliye chumbani kwake bila studio hilo ni jambo kubwa sana.

Vijana wetu kipenzi chao ni Pavement, bendi moja ya hizo za Marekani, na albamu ya kwanza ya Pavement, Slanted and Enchanted ya mwaka 1992, ilirekodiwa kwenye gereji ya nyumbani kwa mpiga dramu wao Gary Young kule Stockton, California. Ukiisikiza, sauti ya mwimbaji inajipitisha tu katikati ya magita, maneno mengine unayapata mengine yanakupita na wala hujali, sauti ni gita la tatu. Wakaipenda hio hali wakasema na sisi iwe hivo hivo. Nami nikakubali. Nilikuwa napenda hio albamu kama wao, sikujiuliza kama sikio la huku linataka kitu kimoja na sikio la Stockton.

Mashine tuliipata kwa ami yake mpiga gita, alikuwa baharia, aliileta miaka mingi nyuma ikawa imekaa juu ya kabati imefunikwa leso. Ya treki nne, inazungusha kaseti kwa kasi mara mbili ya redio ya kawaida, na upande mmoja tu, yaani kaseti ya dakika 60 unapata dakika 15 basi. Mpira wake wa ndani ulikuwa umelegea. Hewa ya pwani hii ni chumvi na unyevu, nyuzi za gita zenyewe zinashika kutu kwa wiki mbili, sembuse mashine iliyolala miaka. Nikasafisha hedi, kile kichuma kinachogusa utepe na kuusoma, kwa spiriti na pamba, ikaimba, tukashukuru.

Chumba kilikuwa cha juu, nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa. Waliokulia nyumba hizi wanajua, vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, huwezi kuilazimisha, upana wa chumba unafuata mti. Uzuri wake ni kuta nene, joto linapungua na sauti haitoki sana. Ubaya wake ukipiga kofi katikati unasikia trrrrr, sauti inagongana ukuta kwa ukuta. Tukaning'iniza leso na mikeka, tukasimamisha godoro mbili, ikatulia kiasi.

Na wakati wa kurekodi ukawa usiku tu. Mchana tuktuk hazikomi pale chini, watoto wanatoka madrasa, mikokoteni ya maji inapita, alafu kuna adhana ambayo tulikuwa tunasimamisha kila kitu ikifika na ndivo inavotakikana. Kuna mara moja tulichelewa kulala, adhana ya alfajiri ikaingia kwenye treki ya gita, kwa mbali, na mpiga dramu akaisifu akasema iwachwe kwa vile inasikika mji wetu. Mimi na yule dada tukakataa. Adhana haiwekwi kwenye roki kwa kupendeza masikio. Tukarudia treki nzima kesho yake na mpaka leo naona tulifanya sawa.

Basi tukamaliza, nikafanya miksi, tukaenda barazani, na mzee akatuuliza kuhusu paa la nyumba.

Baada ya pale bendi ikagawanyika. Mpiga besi akasema kosa ni la kaseti, ile shhhh ndo imefunika maneno, dawa ni studio. Wakachukua wimbo mmoja wakaupeleka studio moja hapa mjini, jamaa wa pale akaupitisha kwenye programu ya kuondoa kelele. Ulirudi umeondoka shhhh kweli, na umeondoka na roho yake pia, matoazi ya dramu yanasikika kama yako chini ya maji, sauti ya dada imekuwa ya bati. Na maneno? Hayasikiki vilevile. Hapo ndo nikaanza kufikiria sawasawa.

Kwa sababu hebu tukumbuke sote. Sisi tumelelewa na kaseti. Kaseti za taarab za hapa hapa Mombasa, za duka la Mbwana Radio Service, waimbaji kina Juma Bhalo, Maulidi Juma, Zuhura Swaleh, mamangu alikuwa na kisanduku kizima, na nyingi zilikuwa nakala ya nakala ya nakala, jirani kamkopea jirani. Ile shhhh yake inazidi yetu mara ngapi sijui. Na bado kila neno lilikuwa linafika. Watu walikuwa wanayashika mashairi kwa kusikiza tu, wanabishana maana yake, fumbo hili limempiga nani, wengine wanajibu kwa shairi lao. Huwezi kulijibu fumbo ambalo hukulisikia. Kwa iyo shhhh haina kosa, na lofai kama lofai haina kosa, na mtu wa pwani ndo mtu wa mwisho duniani wa kuambiwa ati hawezi kuvumilia kaseti chafu. Anachokidai ni kimoja, maneno.

Sasa kama si shhhh ni nini? Nilichukua kaseti za asili nikazirudisha kwenye mashine yenyewe, nikavaa hedifoni, nikafungua treki ya sauti peke yake, nikakuta vitu vimepangana kimoja juu ya kingine.

Cha kwanza nilichokigundua kilinishtua kwa vile ni changu mimi. Kwenye mashine sauti ilikuwa wazi kuliko kwenye simu. Imepotea njiani. Miksi yangu nilikuwa nimeimimina kwenye kaseti ya pili kwa deki ya nyumbani, alafu ile kaseti nikaibeba nyumba nyingine kwenye deki ingine ndo ikaingia laptopu. Kila deki hedi yake imekaa na mwinamo wake, tofauti ndogo huwezi kuiona kwa macho, lakini kaseti iliyorekodiwa kwa mwinamo huu ukiipiga kwa mwinamo ule trebo, zile sauti nyembamba za juu, inakatika. Na trebo ndo nyumba ya s, sh, f, ch. Na ndo nyumba ya ule mpumuo. Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, kina paa mbili, paa la nyumba ni kavu, paa mnyama ana pumzi baada ya p, p'aa, weka mkono mbele ya mdomo utaisikia. Ile pumzi ni upepo mtupu, ni trebo. Ikipotea, mnyama anageuka nyumba. Na ukishasikia nyumba, ngeli yenyewe inakuvuta, masikio yanamalizia "halipo" hata kama mwimbaji kasema "hayupo", kwa sababu mtu mwenye Kiswahili chake hawezi kusikia "paa la nyumba hayupo", akili inasahihisha bila kumuomba ruhusa. Mzee hakukosea. Alisikia sarufi sahihi ya neno tulilompa.

Cha pili, kaseti. Mashine hizi zimetengenezwa kwa kaseti za aina ya pili, zile za kromu, na sisi tulinunua za kawaida aina ya kwanza kwa vile ndo zilizokuwa dukani. Trebo nyingine ikabaki hapo.

Cha tatu ni magita. Magita mawili yote yamepitishwa kwenye distoshoni, ile ya kuikwaruza sauti makusudi, yanajaza kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,000 mpaka 4,000, na hapo ndo mahali sikio la binadamu linatafuta maneno, hata kutofautisha i na u unahitaji kusikia kinachoendelea karibu na hezi 2,000. Ukipafunika, msikilizaji anabahatisha. Hilo tulilifanya kwa makusudi, ndo mtindo tuliouchagua, na kupunguza sauti ya gita peke yake hakukusaidia sana, nilijaribu, wimbo ukawa mnyonge na maneno bado yamezama.

Lakini nikiwa na hedifoni pale, saa nane za usiku, treki ya sauti peke yake bila gita bila dramu bila deki ya pili, bado kulikuwa na maneno siyapati. Na mimi nayajua. Nikaelewa kuwa hata ningetengeneza hedi na kaseti na magita, chanzo chenyewe kiko pale maikini.

Nikamuuliza. Nilipaswa kumuuliza mwanzo kabisa na sikufanya, hilo nalijutia. Akaniambia, "Kaka, mimi kwetu hawajui kama naimba." Ukuta wa pili wa kile chumba wanaishi watu wanaomjua mamake. Kila usiku alikuwa anaimba nusu sauti, mdomo umesogea mbali na maiki, ananong'ona na kumeza mwisho wa kila mstari, na sisi wengine tunamsifu, tunamwambia ndo lofai yenyewe hio, ndo Pavement. Mtindo ulimpa pa kujificha na sisi tukaufunga mlango kwa nje. Ndugu zangu hilo ndo limenifanya niandike kisa hiki chote, ya hedi na kaseti yako kwenye vitabu, hili haliko.

Tulikaa wiki mbili bila kugusa kitu. Mpiga gita ndo aliyekuwa mgumu, hofu yake tukiipandisha sauti tutakuwa bendi ya hoteli, tunaimbia watalii kando ya bwawa. Namheshimu kwa hofu hio, wengi wamepotelea huko. Kilichomlainisha ni Nebraska, albamu ya Bruce Springsteen, mwimbaji wa Marekani. Ile ya 1982 jamaa aliirekodi nyumbani bila bendi kwa ile ile Portastudio 144, alafu wakajaribu kuzirudia nyimbo studio na bendi nzima, ikakataa, wakarudi wakaitoa kaseti yenyewe kama ilivyo. Si bendi na si indi roki lakini mashine ni moja. Nikamuwekea, nikamuambia sikiza, shhhh iko, chumba kiko, ukali uko, sasa niambie neno gani hulisikii, na Kiingereza chake si cha shule ya kifalme lakini alikaa akanyamaza mpaka wimbo wa tatu alafu akasema tu, "Sawa, turudie sauti."

Kurudia nako kuna hesabu yake. Treki nne ni chache, kwa iyo ukizijaza unachanganya tatu unazimimina kwenye ya nne, unapata nafasi mpya, lakini vilivyochanganywa havichanganuki tena. Nyimbo sita sauti ilikuwa iko treki yake peke yake, hizo ziliokoka. Tatu sauti nilikuwa nishaichanganya na gita, mayai yamevunjwa kwenye bakuli moja. Mbili kati ya hizo tukaamua kuzirekodi upya zote. Ya tatu, wimbo wa sita, hilo nitalisema.

Yule dada alikwenda kwa bibi yake Likoni. Alikwenda kumwambia kwanza, peke yake, sikuwepo na sitayasema yasiyonihusu. Nilichoambiwa ni kuwa nije na mashine yangu siku ya Jumamosi baada ya dhuhuri. Nikavuka na feri, mashine imefungwa kwa leso kwenye kikapu, kaseti mpya za kromu nilizoletewa na mtu kutoka nje. Bibi akatukaribisha, akatulisha wali wa nazi na samaki wa kupaka, alafu akasema ataketi hapo hapo chumbani. Nikasema bibi kiti chako kitasikika. Akasema basi kisikike.

Na kinasikika. Wimbo wa nne, karibu na mwisho, kiti kinalia krii. Sitakitoa.

Maiki nikaisogeza, upana wa kiganja kutoka mdomoni, na ile soksi nene niliyokuwa nimeivisha maiki nikaivua, nikaiweka maiki upande kidogo ili p isipasue lakini pumzi yake ipite. Magita yalikuwa yameshuka kidogo, ule mpira uliolegea umefanya mashine ichelewe, si robo ya sauti lakini karibu, kwa iyo kabla ya kila wimbo nilizungusha kile kitufe cha kasi mpaka dada akapata pa kukaa. Alafu akaimba. Mara ya kwanza akameza mwisho wa mstari kama zamani, na bibi, bila kuinua macho kwenye ukili aliokuwa anasuka, akasema: "Sikukusikia, mwanangu."

Akarudia. "Sikukusikia." Akarudia. Mara ya nne au ya tano bibi hakusema kitu. Tulifanya nyimbo sita kwa Jumamosi mbili, na mimi kazi yangu ilikuwa kubonyeza tu, mtu wa kumrekodi yule dada alikuwa yule bibi. Hakupiga kelele, msije mkadhani amegeuka mwimbaji wa harusi. Bado anaimba chini, bado sauti inakwaruza, kuna mahali inapasuka. Lakini alikuwa anamwambia mtu kitu.

Kwenye magita tukabadilisha kidogo tu, wimbo wa pili na wa tano. Badala ya gita la kwanza kusukuma mwanzo mpaka mwisho, linanyamaza mstari ukiimbwa na linaingia mstari ukiisha, linajibu. Hilo tumelisikia maisha yetu yote, fidla na akodiani zinafanya hivo kwenye taarab, mwimbaji anasema ala inaitikia. Hatukutia mdundo wa taarab wala nini, distoshoni ni ile ile, ila mpango wa kupeana nafasi ni wa nyumbani. Mpiga gita alikubali shingo upande na sasa anafanya hivo hata kwenye nyimbo mpya bila kuambiwa. Na mwisho nikatoa sauti za treki moja kwa moja kutoka kwenye mashine kuingia laptopu, deki za majirani nikaziacha na amani yao.

Shhhh iko pale pale. Nataka hilo lieleweke, albamu ni chafu vilevile, pengine imezidi kwa vile sasa kuna kiti.

Wimbo wa sita. Ule sauti imekwama na gita. Nilitaka urekodiwe upya ama utolewe, dada akakataa. Akasema ule ndo aliouimba akiwa na hofu zaidi na anataka ubaki jinsi alivokuwa. Nilibishana naye siku mbili. Bado naamini kiitikio chake ni kizuri mno kuachwa kimezama na atakayekisikia mara ya kwanza atapitwa nacho. Lakini sauti ni yake, na tulishawahi kumuamulia mara moja. Tulichopatana ni kuyaandika maneno yote ya nyimbo 9 kwenye karatasi ya kava, hati ndogo kwa kalamu yake mwenyewe, na p' ya paa ameiwekea alama yake juu.

Tukarudi barazani mwezi uliofuata. Mzee yuko, kahawa iko. Tukaweka wimbo wa pili. Akasikiza, safari hii kichwa kinakwenda taratibu, ukaisha, akakaa kidogo alafu akamgeukia dada. "Mwanangu, ule ubeti wa tatu, mstari wa pili umepungua mizani moja."

Akahesabu kwa vidole mbele yake. Dada akahesabu na yeye. Kweli, imepungua moja. Wakaanza kutafutana neno pale pale, hili refu, hili halina maana, mpiga besi naye akaingia na lake, na mimi nikasimamisha simu kwa sababu ilikuwa ishafika wimbo wa tatu na hakuna aliyekuwa anasikiza.

Mstari tumeuacha hivo kwenye albamu, kaseti 40 zilikuwa zishatoka. Jukwaani sasa anauimba na neno la mzee. Mpira mpya wa mashine nimeuagiza, umefika juzi, uko kwenye droo, kaskazi ikipungua joto nitaifungua mashine niutie kabla hawajaanza nyimbo za pili.